Kabla ya kuilaumu mota, tazameni diski na waya

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji aliyelalamika hivi karibuni kwamba misumeno ya umeme ya mkono ya siku hizi haifai kitu, kwamba inaunguza mbao badala ya kuzikata, inaishiwa nguvu katikati ya kazi, na inakufa kabla hata rangi yake haijachubuka. Mwandishi huyo alihitimisha kwa kusema kuwa mota za misumeno hiyo ni dhaifu na kwamba seremala mwenye akili atarudi kwenye msumeno wa kusukuma kwa mkono. Sipingi kwamba mota mbovu zipo, kwa kuwa nimezifungua nyingi katika miaka yangu ya useremala na ya kutengeneza zana za wenzangu. Hata hivyo, barua yake iliambatana na picha ya msumeno wake ukiwa kazini, na picha hiyo ilisema mambo ambayo barua haikuyataja. Ekstensheni ilikuwa bado imezungushwa kwenye gurudumu lake, isipokuwa mita chache tu zilizovutwa. Diski ilikuwa imeteremshwa hadi mwisho, ikatokeza chini ya ubao mwembamba kwa urefu wa vidole vitatu. Ubao wenyewe ulilazwa juu ya vigoda viwili, kimoja kila mwisho, na mkato ulikuwa unapita katikati yake. Na ile kinga ya chini, ambayo hupaswa kujifunga yenyewe kila msumeno unapotoka kwenye mbao, ilikuwa imefungwa juu kwa kipande cha waya ili isisumbue.

Mota ya msumeno ule haikuonekana pichani, wala sikuhitaji kuiona.

Ninachotaka kusema ni kwamba kasoro nyingi tunazozisukumia mota huwa zimeanzia nje yake, na kwamba anayeutafutia dawa msumeno wake hana budi kuanza na diski, kisha waya, kisha namna ubao ulivyolazwa, na kuiacha mota iwe ya mwisho. Wengi wetu hufanya kinyume. Msumeno ukitoa moshi tunashika bisibisi, tunafungua mwili wake, tunapoteza skrubu mbili na kamani moja, na tunaurudisha ukiwa na ugonjwa ule ule pamoja na mwingine mpya. Kabla ya lolote, plagi ichomolewe kwenye soketi, au betri itolewe kama msumeno ni wa betri. Kuiachia swichi pekee hakutoshi, kwa maana mkono unaogeuza diski na mkono unaoushikilia msumeno ni wa mtu mmoja, na kidole hakikawii kugusa pasipostahili.

Nianze na diski, kwa kuwa hapo ndipo nimewahi kukuta makosa ya ajabu zaidi. Siku moja niliacha kazi yangu ili nimtazamie kijana mmoja msumeno ambao fundi mwingine alikwisha kuuhukumu. Alikuwa ameambiwa kwamba amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, imeungua na kwamba mota haina budi kusukwa upya. Dalili alizozieleza zilikuwa kweli za kutisha: moshi, harufu kali, mbao zenye kingo nyeusi kama zimepitishwa motoni, na haja ya kuusukuma msumeno kwa kifua ili usogee. Niliugeuza juu chini nikaona kwamba diski imefungwa kinyume, meno yakielekea nyuma, hivyo kwamba kwa muda wote ule msumeno ulikuwa ukiisugua mbao kwa migongo ya meno yake. Niliigeuza diski, nikauwasha, nikakata ubao mmoja. Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama jambo lile pia linahesabiwa kuwa ni ufundi. Nilimjibu kwamba linahesabiwa, ila sikumtoza.

Kosa hilo ni rahisi kutokea kwa sababu diski ya msumeno wa mkono huzunguka kinyume cha vile wengi wanavyodhani. Meno ya mbele, yale yanayokutana na ubao, hupanda kutoka chini kwenda juu. Diski huwa na mshale uliochorwa ubavuni, na kinga ya juu ina mshale wake, na mishale hiyo miwili lazima ielekee upande mmoja. Maandishi yaliyo kwenye diski hayapaswi kutumiwa kama alama, kwa kuwa si kila diski huandikwa upande ule ule. Tukiwa hapo hapo, bolti inayoibana diski kwa kawaida hulegea kwa kugeuzwa kuelekea upande ule ule diski inakozungukia, na sababu yake ni kwamba ukinzani wa mbao huzidi kuikaza kazi inapoendelea. Anayeikumbuka sababu hiyo hatahangaika kukumbuka kama ni kulia au kushoto. Washa mbili zinazoibana diski nazo zina upande wa ndani na wa nje. Ikigeuzwa moja, diski hubanwa vibaya, huteleza kwenye shafti kila inapokutana na kazi nzito, na mwenye msumeno husikia mota ikivuma kwa kasi ilhali meno yamesimama. Yeye husema gia zimekwisha. Mara nyingi ni washa tu.

Tundu la katikati ya diski nalo lina habari yake. Liko la milimita 16, liko la 20, liko la 30, na diski yenye tundu kubwa kuliko shafti hukaa upande bila kuonekana kwa macho. Ikizunguka huyumba, huacha mkato mpana wenye mikwaruzo, na hutetemesha kitako, lile bapa la msumeno linalokaa juu ya ubao, mpaka ganzi inaingia vidoleni. Dawa yake ni pete ya kupunguza tundu iliyotengenezwa kwa kipimo hicho, wala si karatasi ya bati iliyozungushwa kwa mkono, kama nilivyokuta mara mbili. Aidha, kasi ya juu iliyoandikwa kwenye diski lazima iizidi ile iliyoandikwa kwenye msumeno. Diski ya kipenyo cha milimita 184, ambacho ni kipimo cha kawaida sana, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha za meno yake huenda kwa mwendo wa karibu mita 48 kwa sekunde, na jino lililobanduka kwa mwendo huo haliulizi liende wapi.

Diski ikiwa imefungwa sawa na bado mbao zinaungua, kuna mambo mawili ya kutazama, utomvu na ubutu. Utomvu wa mbao huganda kwenye mbavu za meno, ukageuka ukoko wa kahawia, na ukoko huo huongeza msuguano mpaka joto likazidi. Diski iloweshwe katika maji ya moto yenye sabuni, isuguliwe kwa mswaki mgumu, kisha ikaushwe kabisa. Watu wengi wametupa diski zilizohitaji kuoshwa tu, nami nimeziokota na kuzitumia. Kuhusu ubutu, zipo njia nyingi za kuupima, lakini ninayoiamini ni ya mwanga: elekeza makali ya jino kwenye taa na uyatazame kutoka mbele. Makali makali kwelikweli hayarudishi mwanga, kwa kuwa hayana upana wa kuurudisha. Ukiona mstari mweupe unaong’aa kwenye ncha, huo ni upana wa ubutu unaoutazama. Ikiwa kipande cha chuma kigumu kilichobandikwa kwenye ncha ya jino moja kimetoka, diski hiyo haifai tena kazi mpaka itengenezwe, hata kama mengine yote ni mazima.

Idadi ya meno nayo huleta malalamiko yasiyoihusu mota. Diski ya meno 24 imekusudiwa kupasua mbao kwa kufuata nyuzi, nayo hufanya kazi hiyo haraka na kwa ukali. Ukiitumia kukatisha plaiwudi itakuachia kingo zenye manyoya, ukadhani msumeno umelegea. Diski ya meno 60 hukata plaiwudi vizuri, lakini ukiilazimisha kupasua ubao mnene wa mti mgumu, nafasi ndogo zilizo kati ya meno yake hujaa unga wa mbao usioweza kutoka, joto hupanda, moshi hutoka, na hapo barua kama ile ya msomaji wako huandikwa. Kwa mwenye uwezo wa kuwa na diski moja tu, ya meno 40 itamvumilia katika mengi bila kumfurahisha sana katika lolote. Na kwa kuwa meno hupanda, upande wa juu wa ubao ndio unaochanika, kwa hiyo uso mzuri wa ubao ulazwe chini.

Sasa nije kwenye kina. Pichani diski ilitokeza vidole vitatu chini ya ubao. Kanuni wanayofundishwa wanagenzi ni kwamba meno yatokeze chini ya ubao kwa sehemu ya jino moja tu, yaani milimita chache. Sababu si woga peke yake. Diski iliyoteremshwa kupita kiasi hupitisha eneo kubwa zaidi la ubavu wake ndani ya mkato, na ubavu huo ndio unaosuguliwa na ndio unaobanwa ubao ukijifunga. Pia hupasua uso wa juu kwa ukali zaidi, na huacha nusu ya diski ikizunguka mahali ambapo mkono wa kushikilia ubao huwa umepita bila kufikiri. Kurekebisha kina huchukua nusu dakika, na sijaelewa kwa nini nusu dakika hiyo huonwa na mafundi wazoefu kuwa ni ya wanaoanza.

Waya ndiyo mshitakiwa wa pili, na makosa yake husingiziwa mota mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Msumeno wa wati 1,400 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 6 hivi ukiwa na kazi ya kawaida, na ukikutana na ubao mnene huvuta mara mbili ya hizo au zaidi. Ekstensheni ya mita 30 huupitisha umeme mita 60, kwenda na kurudi, na kama shaba yake ina unene wa milimita za mraba 0.75 tu, upinzani wake unakaribia omu 1.4. Kwa ampea 12, volti 17 hupotea njiani zikiwa joto, wakati huo huo mota inapozihitaji kuliko wakati wowote. Waya ya milimita za mraba 1.5 hupoteza nusu ya hizo. Fundi anayesema kwamba msumeno wake una nguvu asubuhi nyumbani na hauna nguvu mchana penye ujenzi anaeleza kisa cha ekstensheni, si cha mota. Jaribio lake ni jepesi: uchomeke msumeno moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani na ukate ubao ule ule. Nguvu ikirudi, mshitakiwa amepatikana.

Kuhusu ekstensheni iliyoachwa kwenye gurudumu lake, msomaji mwenzangu aniwie radhi nikisema kwamba hapo ana bahati. Waya iliyozungushwa haina pa kutolea joto. Kila mzunguko hupashwa na mzunguko wa jirani yake, na plastiki ya katikati, ambayo jicho haliioni, ndiyo inayolainika kwanza. Ekstensheni ikunjuliwe yote hata kama kazi iko hatua mbili kutoka kwenye soketi.

Waya ya msumeno wenyewe hukatikia ndani, karibu na mshikio, pale inapokunjwa kila siku. Dalili yake ni msumeno unaowaka na kuzima kadiri mkono unavyogeuka. Wengine huipapasa na kuikunja huku swichi imebonyezwa ili kupatafuta palipokatika, na huo ni mchezo ambao mwisho wake hauna ulazima wa kuwa mwema. Mita ya kupimia umeme, plagi ikiwa imechomolewa, itasema ukweli ule ule bila vitisho. Na anayebadilisha plagi asishangae akikuta nyaya mbili tu ndani ya waya hiyo. Msumeno wenye alama ya mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko chake umetengenezwa kwa kinga mbili za umeme, wala hauhitaji waya wa ardhini. Nimewahi kukuta mtu aliyejitungia waya wa ardhini kwa kuunganisha kipande kwenye skrubu ya mwili wa msumeno wa namna hiyo. Nia yake ilikuwa njema.

Nakuja sasa kwenye vile vigoda viwili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nina kovu pajani linalonipa haki ya kulizungumzia jambo hili. Nilikuwa kijana, nikikata ubao mrefu ulioegemezwa miisho yote miwili, kama ule wa pichani. Mkato ulipofika karibu na mwisho, ubao uliinama katikati kwa uzito wake, kingo mbili za mkato zikakaribiana kwa juu, zikaibana diski. Meno ya nyuma ya diski, ambayo nayo hayaachi kuzunguka, hushuka kutoka juu kwenda chini upande wa nyuma, na yakibanwa yakapata pa kung’ang’ania, hayaukati ubao bali huutupa msumeno. Wenyewe tunasema msumeno umepiga teke. Ulinirudia kwa kasi ambayo sikuiona, nikaiona tu suruali yangu. Kinga ya chini ilikuwa imekwisha kujifunga kwa sehemu kubwa, na meno yaliyonifikia yalikuwa machache. Bila kinga hiyo nisingekuwa naandika barua ya kumjibu mtu kuhusu ubora wa mota.

Ubao unapaswa kuegemezwa karibu na mkato, kwa namna ambayo kipande kinachokatwa kiwe huru kuanguka au kushuka bila kuubana mkato. Kwa plaiwudi nzima, njia ninayoipenda ni kuilaza sakafuni juu ya vipande kadhaa vya mbao, viwili kila upande wa mstari, na kina cha diski kikiwekwa ili isiifikie sakafu, na mbao za chini isizipite zaidi ya kuzikwaruza. Katika kupasua ubao mrefu, kijikabari chembamba kikichomekwa kwenye mkato nyuma ya msumeno huzuia kingo zisikutane. Ubao ubanwe kwa jiriwa, mikono yote miwili iwe kwenye msumeno, na mwili usimame kando ya mstari wa mkato, si nyuma yake. Diski ikianza kukwama, swichi iachiwe na msumeno ushikiliwe pale pale mpaka diski isimame kabisa. Kuuvuta nyuma diski ikiwa inazunguka ndiko kuliko na teke.

Kubanwa huko hakuhitaji ubao ulioegemezwa vibaya pekee. Kitako cha msumeno kikiwa kimepinda, au kikiwa hakiendi sambamba na diski, msumeno hujibana wenyewe kwenye mkato ulionyooka, huunguza upande mmoja tu wa ubao, na huenda kushoto au kulia hata ukiongozwa na rula. Chanzo chake huwa ni kuanguka. Ili kupima, chagua jino moja, lipake chaki, upime umbali wake hadi ukingo wa kitako likiwa mbele. Kisha zungusha diski mpaka jino lilo hilo liwe nyuma, upime tena. Tofauti ikizidi nusu milimita, kitako kirekebishwe au kibadilishwe. Jino lazima liwe lilo hilo, la sivyo utakuwa unapima kupinda kwa diski badala ya kupinda kwa kitako. Skwea iliyowekwa kati ya kitako na bapa la diski, si juu ya meno, itaonyesha kama digrii sifuri iliyoandikwa kwenye mizani ni sifuri kweli, na katika misumeno mingi niliyoshika haikuwa.

Yupo ndugu wa msumeno huu, ule wenye kisu chembamba kinachopanda na kushuka ambao wengi huuita jigso, na lawama zake ni za aina nyingine. Asili yake ni cherehani: mwaka 1946 huko Uswisi, Albert Kaufmann alitoa sindano ya cherehani akaweka kisu cha msumeno mahali pake. Naikumbuka asili hiyo kila mtu anapoleta jigso akilalamika kwamba mkato umenyooka juu lakini chini umeenda kombo. Sindano haisukumwi ubavu, na kisu hiki nacho hakisukumwi ubavu. Kikilazimishwa kugeuka haraka kwenye mbao nene, au kama ile rola ndogo ya nyuma haigusi mgongo wake, hupinda ndani ya mbao mahali usipoona. Rola igusane na kisu, kisu kiwe kipya, na mkono upunguze haraka, hakuna zaidi.

Misumeno ya betri imeleta malalamiko yake pia, hasa kwamba husimama ghafla katikati ya mkato kisha huwaka tena kana kwamba hapakuwa na neno. Huo si ugonjwa. Betri ya volti 18 ina safu ya seli tano za lithiamu pamoja na kisakiti cha kuzilinda, nacho hukata umeme mvutano ukizidi au joto likipanda kupita kiasi. Msumeno unakuambia kwamba diski ni butu, au unasukuma mno, au betri inahitaji kupoa kabla ya kurudishwa kwenye chaja. Ukisafisha vituo vya chuma vya betri, ukabadilisha diski, na bado unasimama kwenye ubao mwembamba, basi seli moja huenda imechoka na kuwaangusha wenzake.

Baada ya hayo yote, na si kabla yake, mota inaweza kuitwa ijibu. Cheche ndogo za rangi ya samawati ndani ya matundu ya hewa ni za kawaida, na kaboni mpya, yaani vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye amecha, hutoa cheche zaidi mpaka zikae. Cheche ndefu za manjano, msumeno unaoanza kuwaka ukigongwa, na nguvu inayokuja na kupotea, mara nyingi ni kaboni zilizokwisha. Misumeno mingi ina vifuniko viwili vya kufungua kwa bisibisi bapa, na kaboni nyingi zina mstari wa kikomo. Zikikaribia mstari huo, au zikibaki na urefu wa milimita 5 au 6, zibadilishwe zote mbili kwa pamoja. Zikipita hapo, kamani huanza kuikwaruza pete ya shaba iliyo kwenye amecha, na kazi ya dakika kumi huwa kazi ya kubadilisha amecha nzima. Cheche zikiizunguka pete yote kama duara la moto hata kwa kaboni mpya, amecha imepata shoti, na hapo yule fundi aliyemtisha kijana wangu angekuwa amesema kweli.

Beringi hujulikana kwa mkono kabla ya sikio. Plagi ikiwa imechomolewa, zungusha diski taratibu. Ikikwaruza kama ina mchanga, au ikicheza ukiitikisa ubavu, beringi zimekwisha, na zisingojewe mpaka amecha iguse sumaku za pembeni. Matundu ya hewa yapulizwe mara kwa mara, kwa sababu mota hupozwa na feni iliyofungwa kwenye shafti yake yenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, msumeno uliofanya kazi nzito usizimwe ghafla na kuwekwa chini. Uachwe uzunguke bila mzigo kwa dakika moja hivi ili feni itoe joto lililobaki ndani. Nadhani mota nyingi zilizoitwa dhaifu zimeuawa na joto la namna hii, kidogo kidogo, na watu waliokuwa na haraka ya kwenda kunywa maji.

Nimeiacha kinga ya chini mwisho, ingawa ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Watu huifunga kwa waya kwa sababu inakwama. Inakwama kwa sababu utomvu na unga wa mbao vimejaa kwenye mhimili wake, au kamani yake imetoka, au imepinda msumeno ulipoanguka. Yote matatu hutengenezeka bila hata kuifungua mota: diski ikitolewa, mhimili ukasafishwa kwa brashi kavu na utomvu ukafutwa, kamani ikarudishwa mahali pake, kinga itajifunga yenyewe kwa mlio mmoja mfupi. Usiipake grisi nyingi, kwa kuwa grisi hushika unga na kesho itakwama zaidi. Kwa mikato inayoanzia katikati ya ubao, kuna kishikio cha kuiinua kwa kidole, nacho kinatosha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mwandishi wa barua ile aikunjue ekstensheni yake yote, apandishe diski yake, atazame mshale wake, ahamishe vigoda vyake, na afungue ule waya. Akikata tena na moshi ukatoka, nitaandika barua nyingine kukiri kwamba mota ndiyo iliyokosa. Pili, naiomba ofisi yako, mhariri, kwamba ikiwa picha ile itachapishwa tena, maelezo yaliyo chini yake yasiseme “seremala akiwa kazini” bila kutaja kwamba kinga ya msumeno wake imefungwa wazi.

Wako,
Seremala na mtengenezaji wa zana za umeme